ARDHI YETU, WANYAMA WA SERIKALI, BEI YA NANI?

Ifuatayo ni hotuba aliyoitoa mjumbe mmoja mbele ya vijana, wengi wao wafanyabiashara ndogondogo na madereva wa bodaboda, katika ukumbi mmoja jijini Dar es Salaam. Tunaichapisha karibu yote. – Mhariri



Nimeombwa nizungumze juu ya ajira. Nimemwomba Mwenyekiti anisamehe, kwani juu ya ajira mmeshaambiwa mengi na hamjaajiriwa. (Vicheko, makofi) Leo nataka tuzungumze juu ya kukodisha ardhi kwa wawindaji, na juu ya bei yake.

Naona wengine mnatazamana. Mtu anajiuliza: mimi nauza mitumba Karume, huyu mzee ananiletea habari za nyati na simba za nini? Basi nawauliza swali moja. Nani humu ndani amezaliwa Dar es Salaam, baba yake akazaliwa Dar es Salaam, na babu yake vilevile? Anyooshe mkono.

Mmoja, wawili, watatu. Hao watatu wanaruhusiwa kusinzia. (Vicheko) Sisi wengine wote tuna kwetu. Na kwetu kwa wengi wetu, kuanzia Tabora, Katavi, Rukwa, Singida, Iringa, Morogoro, Lindi, Ruvuma, hadi Simiyu na Arusha, kijiji kinapakana na pori, na ndani ya pori kuna mtu mwenye bunduki anayelipa dola. Swali ni moja: analipa kwa nani, na wewe mwenye ardhi unapata nini?

MABATI NA MIPIRA MIWILI

Nitaanza na kijiji chetu. Sitakitaja jina kwa sababu mkataba wake mpya unazungumzwa wakati huu, na mwezi ujao wananchi wanaitwa mkutanoni kuupigia kura.

Mkataba wa kwanza ulikuja nikiwa kijana kama ninyi. Lilikuja Land Cruiser, ukapikwa wali, akachinjwa mbuzi. Wakubwa wakasema wamekuja marafiki wa maendeleo. Wakatoa mabati ya madarasa mawili na mipira miwili. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa watu, akatia saini juu ya boneti ya gari. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Nakala haikubaki kijijini. Miaka 10!

Mwaka uliofuata mama mmoja wa kwetu alikamatwa na mzigo wa kuni mahali ambapo bibi yake alikuwa anaokota kuni. Akaambiwa hapa ni kitalu. Akauliza kitalu ni nini. Hakujibiwa, alitozwa faini.

Mimi nilipata kibarua kambini, kazi ya kubeba mizigo. Jioni moja mgeni mmoja, mzee mstaarabu kabisa, aliniuliza: kijiji chenu kinapata kiasi gani kwa mimi kuwinda hapa? Nikamjibu tulipata mabati. Akanyamaza. Kisha akanitajia alicholipa kwa siku zake 21. Nilidhani Kiingereza changu kimenidanganya, nikamwomba aandike kwenye karatasi. Akaandika. Ndugu zangu, yalikuwa makumi ya maelfu ya dola. Mtu mmoja, msimu mmoja.

Mimi sikumlaumu yule mgeni, kwani yeye alilipa alichoambiwa. Nilijilaumu sisi, kwa kuwa hatukuwa tumeambia mtu yeyote bei yetu. Hatukuwa nayo!

VITU VITATU VINAVYOCHANGANYWA

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wananchi wanapotiwa mchanga wa macho. Mwindaji anapokuja, ananunua vitu vitatu tofauti: mnyama, kibali na ardhi.

Mnyama si wako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wamewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Mnyama akipigwa, ada yake inalipwa serikalini.

Kibali si chako. Kinatolewa na serikali, pamoja na mgawo wa wanyama wa kila msimu. Msimu unaanza Julai 1, na bila kibali hicho hata kama shamba ni la baba yako, ukipiga pofu unaitwa jangili.

Ardhi je? Tangu Mwingereza alipoweka Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma. Umiliki wa moja kwa moja waliokuwa nao masetla ulifutwa mwaka 1963. Hatuna shamba la mtu binafsi kama la Ulaya. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na inasema Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Siyo mwenyekiti peke yake. Siyo mtendaji. Siyo diwani. Mkutano Mkuu, ndiyo mama zenu na kaka zenu walioko kule!

Kwa hiyo kambi, barabara ya kuingilia, kisima, kiwanja cha ndege, uwanda wa malisho unaofungwa miezi sita, hivyo vyote ni ardhi. Na ardhi ina bei yake mbali na bei ya nyati. Kinachofanyika ni kwamba mwananchi anaambiwa "mnyama si wako", anatishika, anasahau kwamba mnyama huyo amesimama juu ya ardhi yake.

TEXAS WANAFANYAJE?

Wako watakaosema huyu anatuletea siasa. Basi twende kwa mabepari wenyewe. Twende Marekani, jimbo la Texas. Kule takriban asilimia 95 ya ardhi ni ya watu binafsi. Na wanyamapori ni wa nani? Mnashangaa: kule pia ni mali ya wananchi wa jimbo, siyo ya mwenye shamba! Mwindaji anachukua leseni ya serikali ya jimbo. Lakini ili amfikie kulungu, lazima apite kwenye lango la mtu, na akiingia bila ruhusa ni mvamizi, anashitakiwa.

Sasa mkulima wa Texas anauza nini? Anauza lango. (Makofi) Anatoza kwa ekari, au kwa bunduki moja kwa msimu, au kwa siku. Bei ya dola 10 hadi 20 kwa ekari moja kwa mwaka ni ya kawaida, na mahali penye wanyama wazuri inapanda zaidi ya hapo. Fedha zinalipwa kabla ya msimu. Mkataba unaandika majina ya watakaoingia, magari mangapi, nani atalipa bima mtu akijeruhiwa, nani atatengeneza uzio ukikatwa. Na mwenye shamba mwenyewe lazima awe na leseni ya kukodisha, ambayo ada yake inategemea ukubwa wa shamba.

Mnaona tofauti? Mnyama si wake, kama sisi. Kibali hakitoi yeye, kama sisi. Lakini yeye ana fedha na sisi tuna mipira miwili. (Vicheko)

Na majirani zetu je? Namibia, enzi za makaburu, sheria za 1967 na 1975 ziliwapa wakulima weupe haki juu ya wanyama waliomo mashambani mwao, wakawa wanakodisha kwa wawindaji na kutajirika. Mtu mweusi aliyekaa na tembo hakupewa kitu. Nchi ilipopata uhuru, mwaka 1996 wakabadili sheria, wakasema haki ile ya mkulima mweupe wapewe na wananchi wa vijijini wakijiunga. Mwaka 1998 jumuiya nne za kwanza zikasajiliwa, mojawapo ikiwa Nyae Nyae ya ndugu zetu Wasani, watu waliokuwa wakidharauliwa kuliko wote. Leo jumuiya hizo zimepita 80. Zinaingia mkataba na mwindaji zenyewe, na fedha zinaingia kwenye akaunti yao.

Zimbabwe walianza mwaka 1989 na mpango wa CAMPFIRE. Mwanzoni fedha zote zilipita halmashauri ya wilaya, na mnajua maji yakipita kwenye mfereji mrefu yanavyokauka njiani. (Vicheko) Baadaye wakakubaliana mgawo: asilimia 55 kwa wananchi, 41 kwa halmashauri, 4 kwa chama chao, na tangu 2007 mwindaji akatakiwa kuweka fungu la wananchi moja kwa moja benki. Hawajamaliza matatizo, lakini angalau mwananchi anajua fungu lake ni lipi.

SENTI TATU KWA EKARI

Turudi nyumbani. Uwindaji wa kitalii ulisimamishwa hapa mwaka 1973, ukafunguliwa 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa ruksa, makampuni binafsi yakaanza kugawiwa vitalu. Kwa miaka mingi, hadi 2007, ada ya kitalu ilikuwa dola 7,500 kwa mwaka. Kitalu kikubwa, kitalu kidogo, chenye simba, chenye ngiri tupu, bei ilikuwa hiyohiyo moja!

Hebu tupige hesabu pamoja. Selous ilikuwa na karibu kilometa za mraba 50,000, imekatwa vitalu zaidi ya 40. Kwa hiyo kitalu cha kilometa za mraba 1,000 kilikuwa jambo la kawaida. Kilometa moja ya mraba ni ekari 247. Kitalu hicho ni ekari 247,000. Gawa dola 7,500 kwa ekari 247,000. Mwenye simu atoe kikokotoo.

(Sauti: Senti tatu!)

Senti tatu za dola kwa ekari kwa mwaka! Ekari ambayo kule Texas inakodishwa dola 10. Nataka nitende haki, maana sikuja hapa kudanganya toto. Hapa mwindaji alilipa pia ada ya kila mnyama, na kule Texas halipi hiyo serikalini. Kule kuna barabara na uzio, hapa anachonga barabara mwenyewe. Kwa hiyo bei zetu haziwezi kufanana na zao. Lakini hata ukiondoa hayo yote, senti tatu ni bei ya bure.

Na ushahidi kwamba ilikuwa bei ya bure ni huu. Mwaka 2004 wataalamu wawili, Rolf Baldus na Andrew Cauldwell, waliandika wazi kwamba vitalu vinatolewa kiutawala badala ya ushindani, na kwamba wako wenye vitalu ambao hawawindi, wanavikodisha kwa wageni na kukaa mjini. Mtu ananunua kwa bei ya serikali asubuhi, anauza kwa bei ya soko jioni. Ninyi mnaouza mitumba, huyo mnamwitaje?

(Sauti: Dalali!)

Dalali ana nafuu, dalali huamka mapema. (Vicheko, makofi)

Mwaka 2007 ada ikapandishwa hadi dola 27,000. Baadaye vikawekwa madaraja, la juu dola 60,000 na la chini dola 5,000. Na mwaka 2019 vitalu vikaanza kuuzwa kwa mnada wa kielektroniki. Nasema wazi, mnada ni hatua nzuri, tulikuwa tunaudai. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa wakubwa kukubali jambo ambalo mama muuza nyanya Kariakoo analijua tangu siku ya kwanza: usitaje bei kabla hujawasikia wanunuzi wawili.

Wanakijiji wa Idodi na Pawaga, mkoani Iringa, waliligundua mapema kuliko wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya mradi wa MBOMIPA, walipopewa mgawo wao wa wanyama, hawakuuza kwa kujuana. Waliwashindanisha wawindaji wakazi, atakayetoa zaidi achukue. Wakulima wa mpunga hao, hawana shahada ya uchumi!

BEI INAPANGWAJE?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, chukueni kalamu. Nitatumia mfano, namba ni zangu za kufundishia, kila mmoja akaweke za kwao.

Tuseme kijiji kina ekari 20,000 zinazotakiwa na mwindaji. Kaya 200 zinatumia eneo hilo kwa kuni, asali, malisho na dawa. Kaa na kila kaya, uliza: eneo likifungwa unapoteza kiasi gani kwa mwaka? Tuseme shilingi 150,000. Mara 200 ni shilingi milioni 30. Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa. Chini ya hapo kijiji ndicho kinachomlipa mwindaji!

Halafu nenda upande wa pili. Kambi inapokea wageni 12 kwa msimu, kila mmoja siku 10. Hizo ni siku 120. Tuseme kila siku mgeni analipa dola 1,500. Jumla dola 180,000. Toa gharama: ndege, magari, chakula, mshahara wa mwindaji bingwa, ada za serikali. Tuseme gharama ni theluthi mbili, dola 120,000. Zinabaki 60,000. Dola ikiwa shilingi 2,500, hizo ni milioni 150. Hiyo ndiyo bei ya juu. Ukidai zaidi ya hapo, atafunga kambi.

Kwa hiyo maongezi yenu yako kati ya milioni 30 na milioni 150. Mkikutana katikati, milioni 90, ni shilingi 4,500 kwa ekari, au 450,000 kwa kaya. Mabati ya madarasa mawili ni bei gani? Nawaachia mjibu wenyewe.

Na msiweke bei moja tu. Wekeni tatu. Ya kwanza ni kodi ya ardhi kwa mwaka, inalipwa kabla bunduki ya kwanza haijalia, mnyama apatikane asipatikane. Ya pili ni malipo ya kila siku ya mgeni aliyelala kambini. Ya tatu ni mchango kwa kila mnyama, na hapa mwandike hivi: aliyejeruhiwa akakimbia anahesabiwa kama aliyeuawa. Ukiweka kodi peke yake, mwaka wenye wageni wengi hutafaidi. Ukiweka ya mnyama peke yake, mwaka mbaya utalala njaa.

Msikubali zawadi iwe badala ya kodi. Zawadi ni hiari, akikasirika anaacha, na hana deni. Akitaka kujenga shule, ajenge, tutamshukuru, tutamwimbia na ngoma. Lakini alipe kodi kwanza!

(Sauti kutoka nyuma: Mzee, kwa nini tusiwakatae kabisa? Wanaua wanyama wetu.)

Swali zuri, kijana wangu. Kenya walikataa, Mei 1977, na mpaka leo wamekataa. Ni njia. Kijiji chenye watalii wa kamera kinaweza kuchagua hiyo, na ni haki yake. Lakini pori lenye mbung'o na vichaka, ambako mtalii wa kamera hafiki, ukimwondoa mwindaji anayelipa huwa anaingia jangili asiyelipa. Aprili 2014 Marekani ilisimamisha kuingizwa kwa nyara za tembo kutoka kwetu, biashara ikayumba, na vipo vitalu vilivyorudishwa serikalini. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mnunuzi atakuwapo siku zote kwa bei yoyote. Mimi sisemi kubali wala kataa. Nasema kukataa ni uamuzi, kukubali kwa bei ni uamuzi, lakini kukubali bila bei ni ujinga, na kijiji chetu tuliufanya ujinga huo miaka 10.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba uwe wa Kiswahili, nakala ibaki ofisi ya kijiji na nyingine kwa mwanasheria. Miaka isizidi mitano, na kila mwaka bei itazamwe upya. Yandikwe kwamba haruhusiwi kumkodisha mwingine. Ziandikwe tarehe ambazo mifugo inaruhusiwa kuingia, na njia za mama zetu kwenda kuokota kuni. Fedha ziingie benki, zenye saini zaidi ya moja, na risiti isomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Na kama vijiji vimeungana kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, kama kanuni za tangu 2002 zinavyoruhusu, basi viongozi wa jumuiya nao wasomewe hesabu, maana kuna vigogo wa kitaifa na kuna vigogo wa kijijini, na wote wana meno. (Vicheko, makofi)

Mtaniuliza kwa nini nashikilia sana maandishi. Itazameni Loliondo. Mwaka 1992 kibali cha uwindaji cha miaka 10 kilitolewa kwa mkubwa wa kutoka Falme za Kiarabu, juu ya ardhi ambayo wafugaji walikuwa wanaishi na kulisha. Kijana mwenzenu, mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi, alianika jambo hilo mwaka 1993. Mwaka huohuo akafariki dunia. Julai 2009 maboma ya wafugaji yakachomwa moto. Juni 2022 zikawekwa alama kilometa za mraba 1,500, na mfugaji akaambiwa yuko ndani ya eneo lisilo lake. Miaka 30 ya ugomvi! Lile lililoanza kama ruhusa ya kupita limeishia kwenye swali la nani aondoke. Ndiyo maana nasema bei si fedha tu. Anayekulipa kodi kila mwaka na kukupa risiti, anakiri kila mwaka kwamba ardhi ni yako. Asiyekulipa chochote, siku moja atakuuliza wewe unafanya nini hapo.

NINYI MFANYE NINI?

Nimalizie. Sheria inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa watu wazima wanaoishi kijijini. Wewe uliyeko Manzese huna kura kule. Usiende na fujo, usiende kujifanya msemaji wa kijiji. Lakini una vitu vitatu ambavyo mwenyekiti wa kule hana.

Unajua kusoma mkataba. Ukiwa wa Kiingereza, umtafute mwenzako wa kuutafsiri, uupeleke kwa baba yako kabla ya mkutano, siyo baada.

Una simu. Makampuni ya uwindaji yanatangaza bei zake kwa wateja hadharani, ya siku ngapi na mnyama yupi. Tafuta, andika kwenye karatasi, mpelekee mwenyekiti wa kijiji. Mwambie kwa heshima: shikamoo mzee, mgeni wetu anauza kwa bei hii, sisi tumwambie nini? Mwenyekiti mwingi ni mtu mwema asiyekuwa na namba. Mpe namba.

Na tatu, unajua biashara. Siku nzima unapatana bei ya suruali ya mtumba na mteja hakuwezi. Leo tajiri akija kupatana bei ya ardhi ya babu yako, unamwachia kwa sahani ya pilau! (Makofi marefu)

Onyo moja la mwisho. Wako watakaowatafuta ninyi humu humu mjini. Watasema, kijana, wewe ni mzaliwa wa kule, tusaidie kuwalainisha wazee, kuna kitu chako kidogo. Ukipokea hicho kitu kidogo, ujue umeuza kuni za mama yako, na hata bei yake hukuuliza.

Mwezi ujao kijiji chetu kinakaa mkutanoni. Nimekwisha nunua tiketi ya basi. Nakwenda na karatasi mbili: moja ya hesabu kama niliyowaonyesha, kwa namba za kweli nilizokusanya kaya kwa kaya, na ya pili ni ile aliyoniandikia yule mgeni kambini. Nimeitunza miaka yote hii, imekuwa ya njano, lakini tarakimu zinasomeka. Nitaisoma mbele ya wale wanaotaka miaka 10 mingine. Halafu nitakaa chini, wenye kura wapige kura.

(Makofi)